Mtoto Anafumba Macho Akiona Tochi: Maswali ya Wazazi wa Kigoma

Mwanangu ana miaka miwili na ana makengeza kidogo. Mtaalamu wa macho akimmulika tochi tu, anafumba macho. Si bora ashikwe kwa nguvu yaishe?

Kwa tatizo hilo, hapana. Mtoto anayelia hukaza kope, na ukizifumbua kwa nguvu mboni hukimbilia juu. Hapo mtaalamu anaona weupe mtupu. Tena kipimo cha makengeza kinataka mtoto akazie macho kitu kwa hiari yake huku jicho moja likizibwa, ili ionekane kama lile lingine litasogea. Mikono unaweza kuishika, macho hayashikiki. Kumzuga mtoto, basi, ni kipimo chenyewe. Kumshika kunabaki kwa dharura, kwa mfano akimwagikiwa dawa kali jichoni. Hapo osha kwa maji mengi safi, kisha mkimbize hospitali.

Nimpe simu aangalie katuni?

Muulize kwanza mtaalamu ikae wapi. Akitafuta namba ya miwani anataka mtoto atazame mbali. Simu ikiwa mapajani, jicho hujikaza kuona karibu na kipimo kinapotoka. Baba aishike akiwa ng'ambo ya chumba.

Na kama mtaalamu anaangalia iwapo mtoto anafuata kitu kwa macho, zima sauti. Asiyeona vizuri hugeukia njuga kwa sikio, nanyi mkafurahi bure! Kitu kimoja humchosha upesi, kwa hiyo beba vidogo vitatu au vinne vya rangi kali: kijigari, kifuniko cha chupa, picha ya samaki. Vifiche mkobani, utoe kimoja kimoja.

Tunatoka Kagunga kwa boti, tukifika ameshachoka.

Mweleze mpokeaji, mpishe wengine kidogo. Mnyonyeshe, alale, ndipo muingie. Mtoto mchanga anaweza kuchunguzwa hata akiwa kifuani kwako.

Matone ya kupanua mboni yanauma?

Yanachoma kidogo kwa muda mfupi. Usimwambie hayaumi, hatakuamini tena tone la pili. Alale chali, afumbe macho, tone liwekwe kwenye kona karibu na pua. Akifumbua linaingia lenyewe. Wakati huo ahesabu na wewe mabehewa ya treni ya Tabora, au mwimbie. Akitoka nje jua litamkera na vya karibu ataviona kwa ukungu, pengine hadi kesho yake. Mvishe kofia.

Bibi yake humtisha: "Daktari atakuchoma sindano!"

Shikamoo bibi, lakini hilo tuache. Kazi ya nusu saa inaharibikia nyumbani.

Analia jicho la kulia likizibwa, la kushoto hajali. Ni utundu?

Sidhani. Huenda la kushoto halioni vizuri, na ukiziba la kulia umemzimia taa. Jaribu nyumbani mkiwa mnacheza, na umweleze mtaalamu ulichoona, maana kilio hicho ni jibu. Jicho vivu, yaani lililodhoofu kwa kutotumika, hutibika vizuri zaidi likiwahiwa, hasa kabla ya miaka 7. Na ukiona weupe ndani ya mboni, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa taa jicho moja linang'aa jeupe, usingoje siku ya kliniki. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo. Mpeleke hospitali ya Maweni mara moja.