Je, wajua kwa nini pikapu ya dizeli hukosa nguvu mlimani, kisha ukiizima na kuiwasha inavuta tena?

Madereva wanaopanda kutoka Nakuru kwenda Eldoret wanaijua hali hii. Pikapu inapita Salgaa vizuri, mzigo ni ule wa kila siku, kisha kwenye mwinuko wa Sachang'wan unakanyaga mafuta mpaka chini na haiitiki. Inajikokota kwa gia ya pili huku malori yakiipita. Dereva anaegesha kando, anazima, anawasha, na pikapu inapanda hadi Mau Summit kana kwamba haikuwa na neno. Akiifikisha kwa fundi, haionyeshi kasoro yoyote.

Hapo ndipo pesa zinapoanza kumwagika. Kwa kuwa ugonjwa hauonekani, mwenye gari anabadilishiwa kifaa kimoja baada ya kingine: leo chujio, wiki ijayo pampu, mwishowe nozo zote nne, vifaa vinavyopulizia mafuta ndani ya injini. Lakini kule kurudi kwa nguvu kunaeleza mengi kuliko kupotea kwake. Swali la kwanza la fundi anayejua kazi ni hili: ulipozima, ulingoja muda gani kabla haijavuta tena?

Anauliza hivyo kwa sababu kuna mambo mawili yanayotulizwa na kuzima injini, na hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni kompyuta. Pikapu za dizeli za kisasa hazina waya unaotoka mguuni hadi kwenye pampu. Pedali hupeleka ishara ya umeme tu, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani. Muda wote inasoma shinikizo la mafuta, shinikizo la hewa na joto. Ikikuta kipimo kimoja kiko mbali na ilichoagiza, hupunguza mafuta makusudi ili injini isiharibike, nawe uweze kufika nyumbani polepole. Mara nyingi hubaki katika hali hiyo ya kujihami mpaka uzime ufunguo. Ukiwasha tena inaanza kusoma upya, haioni tatizo kwa sasa, na nguvu zinarudi papo hapo.

La pili ni uchafu ndani ya tangi. Mafuta huvutwa kupitia bomba lenye kichujio kidogo mdomoni. Kwenye tambarare injini inahitaji mafuta kidogo, kwa hiyo mvuto ni mdogo na uchafu hutulia chini. Mlimani, ukiwa na mzigo, mvuto unaongezeka, uchafu unanyanyuka na kujibandika kwenye kile kichujio. Injini inabaki kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliozibwa nusu. Ukizima, mvuto unakwisha na uchafu unadondoka taratibu. Hilo halifanyiki kwa sekunde tano; huchukua dakika kadhaa.

Basi ikiwa nguvu zilirudi mara tu ulipozungusha ufunguo, kompyuta ndiyo iliyokata, na kazi ni kutafuta ilichokiona. Ikiwa ilibidi ungoje, mafuta hayafiki. Zipo siku mambo haya mawili huja pamoja: mafuta yanapungua, shinikizo linashuka, kompyuta inakata. Pikapu ya namna hiyo hukubali ukiwasha haraka, lakini inalegea tena kabla hujamaliza mlima uleule.

Shahidi wa pili ni moshi, na huyu anahitaji mtu wa kuangalia nyuma wakati hali yenyewe inatokea. Nguvu zikipotea bila moshi wowote, injini inanyimwa mafuta, ama na uchafu ama na kompyuta. Zikipotea huku moshi mweusi ukitanda barabarani, mafuta yapo ila hewa haitoshi kuyachoma. Kwa macho tu umeshaondoa nusu ya vitu ambavyo ungeuziwa.

Upande wa mafuta ndio wenye kesi nyingi, na majaribio yake ni ya bei nafuu. Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa ichukue nafasi ya mafuta yaliyotumika, na vumbi la barabara za mashambani huliziba. Pikapu ikilegea, simama ufungue kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, na gari likavuta vizuri baadaye, huenda umemaliza kazi kwa kusafisha kifuniko.

Kisha fungua kizibo kilicho chini ya chujio la mafuta, ukinge kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari wazi kati ya vitu viwili. Maji huingia kwa madumu na mapipa ya kuhifadhia, na pia kwa unyevu wa hewa unaogeuka matone ndani ya tangi lililoachwa nusu katika baridi ya usiku wa Molo au Timboroa. Mahali maji yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu, nao hutengeneza utelezi wa rangi ya kahawia au nyeusi. Ukikata chujio kuukuu kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake, utelezi huo utauona ukiwa umelala kwenye mikunjo. Ukiukuta, kubadilisha chujio peke yake ni kununua wiki chache. Tangi lazima lishushwe na kuoshwa.

Jaribio jingine linalofaa sana ni kuweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, halafu kuwasha injini na kuangalia. Mapovu yakipita, kuna mahali panapovuta hewa: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Ajabu ni kwamba mahali hapo huenda pasidondoshe hata tone, kwa sababu njia hiyo inavuta, haisukumi.

Mafuta yenyewe nayo yana hadithi. Kwa miaka mingi baadhi ya wauzaji walichanganya dizeli na mafuta ya taa, na mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yanayoingizwa nchini ili kuua faida ya mchezo huo. Madhara yake kwa injini ni makubwa, maana pampu ya shinikizo hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Pampu hii, injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, hutoa shinikizo la bari 300 hivi; mlimani hupita 1,600 katika injini nyingi. Gurudumu la pikapu hiyo hiyo lina bari mbili au tatu. Mchubuko mdogo ndani yake unatosha kuinyima nguvu pale inapotakiwa sana.

Kwenye pampu hiyo kuna vali ndogo inayopima mafuta yanayoingia. Ikianza kukwama, shinikizo hupanda na kushuka bila mpango, na kompyuta inakata. Hubadilishwa peke yake, kwa hiyo usikubali kununua pampu nzima kabla haijapimwa. Nozo pia zina kipimo rahisi: fundi anaunganisha mipira ya marejesho, inayorudisha mafuta yasiyopulizwa, na chupa nne zinazolingana, na injini ikinguruma, nozo iliyochakaa itajaza chupa yake mapema kuliko wenzake.

Upande wa hewa, mtafute mhusika kwenye mipira minene inayotoka kwenye tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa kwenye injini. Pitisha kidole chini ya mpira, mahali macho hayafiki, ukiutafuta unyevu wa mafuta. Unyevu huo huonyesha palipopasuka: pengo linalojifunga injini ikipumzika hufunguka hewa ikisukumwa kwa nguvu. Mabawa ya ndani ya tabo nayo hukwama kwa masizi, hewa inazidi kipimo, kompyuta inaogopa na kukata.

Wengine husema ni mwinuko tu. Ni kweli hewa ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa karibu asilimia 15, na pikapu za zamani zisizo na tabo huhisi hivyo. Lakini mwinuko hauponi kwa kuzungusha ufunguo.

Nyaya nitazitaja kwa ufupi: pikapu ikilegea kwenye matuta hata tambarare, kagua pedali ya mafuta na mahali nyaya zinaposuguana na chuma.

Mwisho ni mashine ya kusoma kompyuta. Kuichomeka gari likiwa limesimama gereji kunasaidia kidogo. Ipande na gari hadi kwenye mlima unaolishinda, likiwa na mzigo wake, na mtu mwingine aandike shinikizo la mafuta lililoagizwa na linalopatikana, kisha vivyo hivyo kwa hewa. Kile kinachoachwa nyuma dakika nguvu zinapokatika ndicho cha kutengeneza. Na kabla fundi hajafuta kodi za hitilafu, yaani alama ambazo kompyuta huhifadhi ikikuta kasoro, zipige picha kwa simu, pamoja na namba zilizorekodiwa hitilafu ilipotokea, kwa sababu zikishafutwa itabidi usubiri pikapu ikuache tena ndipo zipatikane.