Damu ya kwanza si mwanzo wa kubalehe

“Bado mtoto huyu, hajavunja ungo.” Tumeizoea kauli hii kwa sababu desturi zetu nyingi zilihesabu ukubwa wa binti tangu hedhi ya kwanza: ndipo alipoitwa mwali, ndipo somo wake alipoanza kumfunda. Mwili hauhesabu hivyo. Kubalehe huanzia ubongoni, kwenye haipothalamasi, inapoanza kumwaga homoni kwa vipindi, kwanza usiku mtoto akiwa amelala. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziamsha ovari au korodani. Kwa wasichana wengi ishara ya kwanza ni titi kuchomoza, kati ya miaka 8 na 13. Hedhi hufuata miaka 2 hivi baadaye. Mama anayeisubiri damu ndipo azungumze na binti yake amechelewa sana, tena kuna hatari: yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, na binti akashika mimba hajawahi kuona damu.

Kwa mvulana tunasikiliza sauti na kutazama ndevu. Hizo huja nyuma. Korodani hutangulia kukua, kati ya miaka 9 na 14. Akivimba chuchu katikati ya safari, asichekwe. Uvimbe huo huwapata wavulana wengi na mara nyingi huisha wenyewe ndani ya miaka 2.

“Amewahi kukua, atakuwa mrefu.” Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Titi likichomoza kabla ya miaka 8, au korodani zikikua kabla ya miaka 9, mtoto huwapita wenzake wote darasani. Lakini estrojeni, homoni ya kike ambayo mwili wa mvulana nao huitengeneza kutokana na testosteroni, homoni ya kiume, hufunga gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa. Zikishafunga, urefu umekwisha, na yule mrefu wa darasa la pili anaweza kuishia mfupi kuliko wenzake. Ipo sindano ya kusimamisha hali hii kwa muda, ila mtoto lazima afikishwe hospitali mapema. Kwa mvulana hasa, ubongo wake upimwe.

Kwa kubalehe huko kwa mapema, wengine humlaumu kuku wa kisasa kwamba amedungwa homoni. Kuku yule hukua upesi kwa sababu ya mbegu aliyochaguliwa na chakula anacholishwa. Na wanaomwambia binti wa miaka 7 mwenye matiti kwamba “ameanza mambo” wanamuumiza mtoto asiye na kosa lolote.

“Amechelewa, karogwa.” Mara nyingi amemfuata tu baba au mama, ambaye naye alichelewa. Hata hivyo, binti asiye na titi akiwa na miaka 13, au mvulana ambaye korodani hazijakua akiwa na miaka 14, apelekwe kwa daktari. Huenda ni selimundu, au lishe duni, au kwa binti mfupi sana, upungufu wa kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Daktari anaweza hata kumuuliza kijana kama anasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Swali lina maana: seli zinazotoa ile homoni ya ubongoni huzaliwa puani mwa kijusi, kisha husafiri hadi ubongoni. Zisipofika, kijana anaweza kukosa harufu na kubalehe pamoja, na vipimo vikithibitisha, homoni za tiba humwanzishia safari hiyo.