Je, wajua kwa nini Bach alitembea kilometa 400 kumfuata mwanamuziki mmoja?

Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach, mpiga kinanda wa kanisa mji wa Arnstadt huko Ujerumani, aliomba ruhusa ya wiki nne akaenda kwa mguu mpaka Lübeck, karibu kilometa 400. Yaani utoke Dodoma mjini unatembea, upite Gairo, Morogoro, Chalinze, ukaribie Kibaha. Kisa? Kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda maarufu wa kanisa huko Lübeck. Na hizo wiki nne zikaja kuwa kama miezi minne!

Sasa kwa nini ajitese hivyo? Kwanza enzi hizo hakuna rekodi, ukimkubali fundi unamfuata aliko. Ila kubwa zaidi Bach alitaka kujua jamaa anafanyaje. Aliporudi wakubwa wa kanisa wakamweka kitimoto, Februari 1706, kachelewa sana halafu anachomekea nota ngeni kwenye nyimbo za ibada mpaka waumini wanachanganyikiwa. Mimi hapo naona kabisa Lübeck ilishamuingia vidoleni.

Na hakuishia hapo. Miaka ya 1713 na 1714 hivi, akiwa Weimar, alichukua kazi za Mwitaliano Antonio Vivaldi zilizoandikwa kwa ajili ya violini akazihamishia kwenye kinanda, akipitia nota moja baada ya nyingine. Hapo ndipo penye siri yenyewe, maana ukisikiliza tu unasema aisee huyu noma basi imeisha, lakini ukianza kuhamisha kila nota unakuta violini inashikilia sauti ndefu na wewe una vidole kumi tu, inabidi ujiulize hii niibebe vipi, hii besi niiweke wapi, na kila jibu unalotoa ni la kwako siyo la Vivaldi. Kukopi kwa namna hiyo kunakufundisha kutunga.

Ndiyo maana nikiona madogo wa Area C hapa Dodoma wanamuigiza Diamond nywele na cheni nasikitika kidogo, wangekaa na wimbo mmoja tu wasikilize ngoma inaingia wapi na sauti za nyuma zimepangwaje wangetoka na kitu.

Tena sisi wa Dodoma tuna fundi wetu, Hukwe Zawose, Mgogo wa kijiji cha Doday, alifariki 2003 ila rekodi zake zipo na dunia inazijua. Wewe unayepiga kinanda kwaya, chukua kipande kifupi cha ilimba yake, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ukitafute kwa mkono mmoja. Sauti nyingine hazitakaa sawasawa, ngazi ya sauti ya Kigogo haifanani na ya kinanda, utabaki unahangaika katikati ya vitufe viwili. Usikimbie. Chagua kimoja, kisha wape sauti ya pili na ya tatu waimbe juu yake.