Mimba baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: tunayoulizwa kliniki

Upasuaji wenyewe ndo upi?
Mfuko wa tumbo unakatwa ubaki mdogo, au unaunganishwa upya na utumbo, hiyo ndo baipasi. Watu wanaenda Dar au India, wakirudi huku Mtwara hawamwambii mtu, hata sisi kliniki.

Nibebe mimba lini?
Baada ya miezi 12 mpaka 18. Uzito ukishuka mimba inaingia fasta, na wa baipasi asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, aweke kijiti, kitanzi au achome sindano.

Nina mimba, tumbo linabana kwa juu na natapika, mama mkwe anasema ndo mimba ilivyo, nisubiri?
Hapana, usisubiri! Baada ya baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye upenyo uliobaki ndani ukajinyonga, na mimba ikishakuwa kubwa inazidi kuusukuma, damu ikikatika utumbo unaoza na hapo mama na mtoto wote wapo hatarini. Sasa mtu anatoka Tandahimba ameshakandwa tumbo, ameshachemshiwa mizizi, ameshameza diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, ambayo wa baipasi hatakiwi hata kuigusa maana inaleta vidonda, ndo anatufikia siku ya tatu. Jamani.

Je maumivu yakitulia asubuhi?
Nenda vilevile. Yanakuja yanapotea, usidanganyike. Siku hiyohiyo, hospitali ya Ligula, ile ya rufaa ya Kanda pale Mitengo, au Sokoine kama upo Lindi, na ukianzia zahanati omba rufaa.

Nikifika niseme nini?
Neno la kwanza: nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mumeo kama hajui mwombe atoke nje, ila daktari ajue. Aliyetapika siku nyingi anahitaji vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na wa baipasi hanyweshwi ile glukosi ya kupimia kisukari cha mimba, anapimwa sukari kwa tone la damu la kidole siku kadhaa.

Kujifungua kawaida?
Unaweza, upasuaji huo peke yake sio sababu ya kisu.

FEFO za kliniki (vidonge vya madini ya chuma na foliki) zinatosha?
Mara nyingi hazitoshi, unahitaji na B12, kalsiamu na vitamini D, na damu ipimwe kila miezi mitatu. Kalsiamu na FEFO zipishane masaa mawili. Kwenye sahani anza na samaki, dagaa, mayai au kunde, ugali wa muhogo baadaye kama nafasi ipo. Na ule udongo mnaotafuna acheni kabisa, unazuia madini ya chuma tunayohangaika kuwaongezea.