Mzizi wa Neno la Kiingereza na Namna ya Kuutafuta

Mzizi wa neno ni ile sehemu inayobeba maana ya msingi, ambayo hubaki baada ya viambishi vyote kuondolewa. Msemaji wa Kiswahili anaufahamu hata kama hajawahi kuutaja kwa jina, kwa kuwa katika andika, andikiana na maandiko anaisikia -andik- ikirudi, na katika mwandishi anaitambua ingawa k imegeuka kuwa sh.

Kiingereza nacho kina koo za maneno za namna hiyo. Chukua inspect, spectator na respect, uyapange pamoja, kisha uondoe in-, -ator na re-. Kinachobaki ni spect, kutoka kitenzi cha Kilatini specere, yaani kutazama. Inspect ni kutazama ndani ya kitu, ndiyo maana ikawa kukagua. Spectator ni mtazamaji. Respect ilianza kama kugeuka na kumtazama mtu tena, na maana hiyo ikafika kwenye heshima. Conspicuous, linalosemwa juu ya kitu kinachoonekana wazi, ni ndugu yao pia, ila mzizi umekuwa spic.

Ugumu unaanzia kwenye historia. Kiingereza ni lugha ya jamii ya Kijerumani, lakini baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 kilipokea maneno mengi ya Kifaransa, na wasomi wakaendelea kuchota moja kwa moja kutoka Kilatini. Kwa hiyo foot, mguu, ni neno la asili, wakati pedal, kanyagio, na pedestrian, mtembea kwa miguu, yalitoka Kilatini. Hata hivyo yote yana babu mmoja wa kale, kwa sababu p ya lugha hiyo ya kale iligeuka f upande wa Kijerumani, kama inavyoonekana pia katika father, baba, na paternal, -a baba.

Kufanana kwa sura, basi, si ushahidi wa kutosha, na hapa ndipo kamusi inayoeleza asili ya maneno inapohitajika. Male, -a kiume, na female, -a kike, hayana undugu: la kwanza linatokana na masculus ya Kilatini, la pili na femella, na tahajia yake ikabadilishwa ili ilifuate la kwanza. Vivyo hivyo isle, kisiwa, lilitoka kwenye insula ya Kilatini, ilhali island, lenye maana hiyo hiyo, ni neno la Kiingereza cha kale ambalo halikuwa na s. Herufi hiyo ilipachikwa baadaye na watu walioyadhania kuwa ndugu, na hadi leo haitamkwi.