Mzigo wa alostasisi ni nini, na kwa nini hata ofisi inaubeba

Watu wengi wakisikia stresi wanadhani ni kitu kibaya tu, mimi sikubaliani, maana stresi hiyohiyo ndo inakurusha pembeni gari likija kasi. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini, moyo unaenda mbio, ini linatoa sukari kwenye damu, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula kwa sababu si muda wake. Gari likishapita unahema, mikono inatetemeka kidogo, halafu taratibu kila kitu kinashuka.

Hiyo kazi ya mwili kujibadilisha ili ubaki salama ndo alostasisi. Jina lilitoka kwa watafiti Peter Sterling na Joseph Eyer mwaka 1988, na hoja yao ni kwamba mwili hausubiri mambo yaharibike ndo urekebishe, unakadiria mapema. Kwa mfano homoni ya kotisoli inaanza kupanda kabla hujaamka, yaani wewe bado umelala ila mwili ushaanza kukuandalia siku.

Sasa mzigo. Mwaka 1993 watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar wakaelezea mzigo wa alostasisi, yaani gharama ambayo mwili unalipa ukiishi hivyo bila kushuka. Chukua mtu ambaye simu ikilia tu usiku moyo unampasuka paa, anaangalia kumbe ni tangazo, anaiweka chini lakini usingizi ushakata, na kesho tena vilevile. Hakuna gari lililokuja, ila mwili umelipa bei ileile. Ikienda miezi na miaka presha inagoma kushuka, sukari inaanza kusumbua, kinga inayumba, kumbukumbu nayo. Na kinachoniuma ni kwamba mtu huyu anaambiwa ajikaze, wakati kujikaza ndo kazi ambayo mwili wake umeifanya muda wote huo bila kupumzika.

Taasisi nazo zinakaza hivyohivyo. Watafiti Staw, Sandelands na Dutton waliandika kuhusu hili mwaka 1981: tishio likiingia, taarifa zinazosikilizwa zinapungua, maamuzi yanahamia kwa wachache wa juu, na watu wanarudi kwenye walichozoea. Mauzo yameshuka, bosi anasema kila malipo yapite mezani kwake, hata karatasi za printa. Mwezi wa kwanza inasaidia kweli, hela haivuji. Mwaka unapita, mauzo yasharudi lakini karatasi bado zinasubiri saini, na yule anayejua tatizo liko wapi kanyamaza maana vikao vimekuwa vya kutafuta nani kakosea. Hapohapo unaletwa mfumo mpya, na kabla watu hawajauzoea muundo wa idara nao unabadilishwa.

Ofisi haina kotisoli, najua, ulinganisho huu una mwisho wake. Ila wanaofanya kazi humo wanayo, na mzigo wa ofisi unaishia kwenye miili yao, usiku, simu ikilia. Kwa hiyo mabadiliko yakitangazwa mimi naona swali la kuuliza mapema ni tutashuka lini: sheria ya dharura iandikwe na tarehe yake ya kufutwa, na mfumo mpya usiletwe juu ya ule ambao watu bado wanajifunza kuutumia.