Pengo la mtoaji na mpokeaji katika zawadi

Katika saikolojia ya zawadi, pengo la mtoaji na mpokeaji ni tofauti kati ya kile mtoaji anachodhani kitamfurahisha mwenzake na kile ambacho mwenzake angependa kupewa. Halitokani na uchoyo wala kutojali. Upendo unaweza kuwepo tele na pengo likabaki palepale, ndiyo maana hata watu waliojuana miaka mingi hupeana vitu vinavyoishia juu ya kabati.

Maelezo yanayoniridhisha zaidi yalitolewa mwaka 2016 na watafiti watatu wa Marekani: Jeff Galak, Julian Givi na Elanor Williams. Wanasema mtoaji huwazia ile dakika ya kukabidhi. Anataka uso wa mwenzake ung'ae, asikie "Jamani!" Mpokeaji yeye hupima kwa siku zote zitakazofuata. Chukua chombo cha maua cha kioo, kirefu na kizito. Kinapotolewa kwenye boksi, chumba kizima kinashangilia. Kesho yake mwenyewe anazunguka nacho nyumbani akitafuta mahali ambapo watoto hawatakifikia, na tangu hapo kazi yake ni kukifuta vumbi. Angepewa sufuria imara, yenye mfuniko unaokaa sawasawa, pengine pasingekuwa na vigelegele, lakini angeitumia kila siku.

Bei nayo hupotosha. Mwaka 2009 Francis Flynn na Gabrielle Adams walionyesha kwamba watoaji huamini zawadi ikiwa ghali zaidi itathaminiwa zaidi, ilhali shukrani za wapokeaji hazikufuata bei. Hata kwenye pete za uchumba ilikuwa hivyo. Mimi naliona hili kuwa faraja kubwa, kwani wapo wanaokopa ili wasionekane wabahili, na wapo wanaokacha sherehe kabisa kwa kuona haya walichonacho.

Halafu kuna suala la kuomba. Mtu akisema wazi anachotaka, wengi wetu bado tunamnunulia kingine, tukiamini kwamba kumletea alichokitaja mwenyewe ni uvivu na kwamba kubuni ndiko kunakoonyesha tumemfikiria. Utafiti wa mwaka 2011, ambao Flynn pia alishiriki, ulikuta kinyume chake: wapokeaji walifurahia zaidi walichokiomba, tena wakaona aliyewaletea ndiye aliyewajali zaidi. Kwao, kuletewa walichokitaja ni kusikilizwa.

Hata hivyo, manufaa ya kila siku si kila kitu. Givi na Galak walirudi mwaka 2017 na upande mwingine wa pengo hili, yaani zawadi zenye kumbukumbu. Fikiria picha mbili zilizowekwa kwenye fremu: moja ya mwanamuziki anayependwa na rafiki yako, nyingine yenu wawili siku mliyofurahi pamoja. Watoaji hukimbilia ya mwanamuziki kwa sababu wana uhakika kwamba rafiki anampenda, huku ile yenu wakiihofia: je, akiiona haina maana? Basi wanaogopa kukosea na kuchagua kilicho salama. Wapokeaji walipoulizwa, walitaka picha yao na rafiki mara nyingi zaidi kuliko watoaji walivyokuwa tayari kuitoa.